Zamu ya Maji, Ibra

Fungua mlango wa jikoni, Asila, ni mimi.
Sikupita barazani; kule wamejaa
wenye pole na visahani vya halwa,
wanauliza "Leo hajambo?"
kama mtu anayeuliza bei.
Mimi sikuja na neno. Nimekuja na ndoo.
Nipe mashuka.

Usione haya, nayajua.
Ya Mselem niliyafua miezi minane,
nikiyaanika uani nyuma, majirani wasisome
ramani ya usiku wetu.
Jua la Ibra halina umbea:
robo saa tu, yamekauka kau.

Daktari wa Maskati alisema "miezi,"
akaitazama kalamu yake.
Tangu hapo unahesabu kila kitu,
matone, vidonge, vijiko vya uji,
pumzi,
na kituo kilichopo kati ya pumzi na pumzi.
Nakijua kituo kile.
Nimesimama ndani yake miguu mitupu,
saa tisa za usiku, kiganja juu ya kifua cha mtu,
nikimngoja avute,
na siku moja, nikwambie?
nikaomba asivute.

Haya. Nimelisema, na dari halijaanguka.
Kama nawe limekupitia
usilifukie chini ya mto likaoza.
Si chuki ile.
Ni mapenzi yaliyochoka miguu.

Jana, wanasema, baba yako alikuita Zeyana.
Jina la mama yako, miaka kumi na mmoja kaburini.
Akataka boflo la moto na chai ya maziwa,
akauliza nani kafunga duka la Mkunazini.
Ghasani akamsahihisha kwa Kiarabu:
hapa Oman, baba, na huyu ni Asila.
Mzee akageukia ukutani.
Wewe ndiye uliyeitika.
"Labeka," ukasema. "Nimefunga mimi,
ufunguo uko kwangu."
Kisha ukaja kulia hapa jikoni, eti umemdanganya.
Hukumdanganya, mwanangu.
Ulikwenda kukaa naye
kwenye chumba alichomo.

Sikiliza falaji, hapo nje ya ukuta.
Taratibu yake umekua nayo:
hakuna shamba linalokunywa usiku kucha.
Kila mwenye mitende ana athari yake,
ndivyo waiitavyo, nusu saa;
ikiisha anaziba kwa jiwe na kitambaa,
maji yanakwenda kwa mwenzake,
naye anarudi kulala
hata kama mtende wake bado una kiu.
Hakuna amwitaye mvivu.

Wewe umeushika mfereji mzima
peke yako, tangu Rajabu.

Leo nataka zamu yangu. Saa sita mpaka kumi.
Nimenyonya ziwa moja na baba yako,
sina cha kumwonea haya.
Nimekwisha sema na mdogo wako Shinuna,
atashika alfajiri.
Na Ghasani ana mikono, tumfundishe kumgeuza mgonjwa;
kulia ndani ya gari pale kituo cha petroli
si kazi ya kudumu.

Kula kwanza. Wali huu, na papa mkavu,
na pilipili ya ndimu unayoijua.
Ukijiwa na kicheko, cheka.
Sidhani malaika wa kushoto
anaandika vicheko vya jikoni.

Sitakwambia atapona.
Sitakwambia "subira" pia; neno zuri,
lakini leo barazani limeshikwa na mikono mingi,
limelowa jasho.
Siku yake itafika, na siku hiyo
vilevile sitakuwa na la kusema.
Nitakuja kwa mlango huu huu,
na ndoo hii.

Nenda kalale. Taa ya ukumbini niachie.
Akiita Zeyana, nitaitika.
Akiuliza duka,
usiku huu ufunguo uko kwangu.