Salama, Lakini

Fomu namba tatu, ukurasa wa pili, swali la kumi na moja:
*Je, mtoto yuko salama?*
Visanduku viwili, ndiyo na hapana,
kila kimoja kidogo kama jino la utotoni.

Nimefika Kiuyu saa nne, jua limeshakalia mawe.
Pikipiki ya ofisi iko Micheweni, tangi tupu;
nimedandia gari ya mchanga.
Mkobani mna majalada ishirini na saba,
kumi na matatu yangu, kumi na manne ya Khatibu
aliyeondoka mwezi wa Rajabu kwenda Unguja
kupokea mabegi ya wageni hotelini.
Simlaumu. Mshahara wa huko hauchelewi.
Aliniachia kalamu, mwavuli, na mtoto huyu.

Hodi. Karibu.
Hamjambo? Hatujambo.
Habari za hapa? Njema.
Za watoto? Salama.

Ndivyo tulivyofundwa.
Mwenye homa ya siku tatu, sijambo.
Aliyezika jana, salama, alhamdulillahi,
kisha ndipo, taratibu, baada ya maji ya kunywa: lakini.
Habari zetu zote hukaa nyuma ya lakini
na fomu haina mstari wa lakini.

Shangazi mtu, Bi Raya, amenitandikia mkeka,
amejipangusa vumbi la kokoto kwenye nyusi.
Mama yake mtoto yuko Maskati, analea watoto wa wenyewe;
Ijumaa huja sauti yake kwenye simu.
*Mlezi mkuu: andika jina moja tu.*
"Nani hasa anayemlea?"
"Kwani mtoto jembe," anacheka, "awe na mpini mmoja?"

Time ana miaka tisa.
Amekaa chini ya kipande cha bati,
jiwe amelibana kwa kipete cha mpira wa baiskeli,
nyundo inakwenda, ko, ko, ko.
Nikamuuliza kwa Kiswahili cha semina:
"Unajisikiaje kuhusu mazingira yako ya nyumbani?"
Nyundo haikusimama.
"Mwanangu," Bi Raya akaninong'oneza,
"mbona wamsemesha kama redio?"

Nikaweka kalamu. Nikaomba nyundo ya pili.
Pigo la tatu likanipata dole gumba, nikapiga ukelele,
na mtoto, kwa mara ya kwanza, akacheka mpaka akakohoa.
"Si hapo. Tazama mstari wake.
Ukilipiga kifuani halivunjiki, lakuvunja wewe."
Tukagonga. Sijui muda gani.
Robo ya ndoo, na zaidi ni yake.

Halafu, macho yako kwenye jiwe:
"Mie salama.
Lakini yule kaka alisema atarudi Jumatatu."

Akanyanyuka, akachimbua pembeni mwa bati
akatoa jiwe jeupe, dogo, lisilopasuliwa.
Alimwekea.
Nikahesabu Jumatatu moyoni, tangu Rajabu hadi leo,
nikaacha kuhesabu.

"Na wewe warudi lini?"

Ulimi ulikuwa tayari umeshashika *Ju*.
Neno hilo tunalitoa kama peremende,
halina uzito mfukoni, na mtoto hunyamaza.
Nikasema: "Sijui. Nikijua nitampigia Bi Raya,
na nisipojua pia nitampigia."
Akaitikia kwa kichwa,
kama muuza duka aliyelipwa nusu ya deni.
Jiwe hakunipa. Akalirudisha palepale.

Gari ya mchanga ikapiga honi.

Mkuu wangu amenirejeshea fomu: haijakamilika.
Swali la kumi na moja sikutia alama popote.
Niliandika *salama, lakini*, na maneno yakatoka nje ya mstari,
yakashuka pambizoni, yakageuka nyuma ya karatasi
ambako, anasema, kompyuta haisomi.
Nimeomba mafuta ya pikipiki, lita mbili.
Ameniambia niandike barua.