Ada ya Kiwanja

Pauni mia mbili na arobaini.
Kijana wa kaunta alinitazama viatu kwanza,
kisha akanikatia risiti.

Wattie alifyeka nyasi hizi miaka thelathini na mmoja,
akaamka kabla ya kondoo,
asipige hata mpira mmoja.
Nimekuja na fimbo aliyoiokota, namba saba,
na mipira sita, ya kuokota pia.

Upepo haukuniuliza kiingilio.
Shimo la kwanza ulinipokonya mpira, ukautia baharini.
La tatu, miiba ya maua manjano ikala wa pili.
Hapa hakuna mti wa kujibanza;
ardhi ina mikunjo kama shuka la mgonjwa,
unapiga sawasawa, mpira unaponyoka,
unakosea, unakwenda kulala chini ya bendera.
Haki haimo kwenye bei.

Wamarekani wawili nyuma yangu
waligawa ada kwa mapigo, wakaguna.
Mimi nilipiga mia na thelathini na saba.
Kwa hesabu yao, hakuna aliyeuziwa rahisi kama mimi.

Na rahisi, wanasema, huvunja upishi.

Shimo la kumi na moja, ukingoni,
nilisimama pale alipokuwa akizima mashine
ale mkate wake.
Nikapiga. Sijui uliangukia wapi.
Nilikuwa natazama sili watatu juu ya mwamba,
wanene, wamelala,
hawadaiwi na mtu.

Nyumbani Ishbel kaniuliza: Mama, imestahili?
Nikavua viatu mlangoni, akakimbilia ufagio.

Acha.
Mchanga huo nimeulipia.