Usioshe Ndani

Nilipewa mswaki wa meno, beseni la maji ya mvua,
na vigae mia mbili na kumi na saba vya shimo la tatu, Kaole.
Kazi yangu kuviosha, kuvianika juu ya gazeti,
kuviandika namba kwa wino mweusi, ndogo kama sisimizi.
Msimamizi, Bwana Mgeni Kondo, alipita mara moja tu,
akaokota kimoja, kipande cha chetezo,
mguu umekatika, mdomo umelika:
"Hiki sugua nje. Ndani usioshe.
Masizi ndiyo tunayoyataka."

Masizi.
Yaleyale mama aliyonichapia
nilipoyaacha kwenye sufuria.

Nikakiinamia, nikanusa.
Udongo. Udongo na chumvi, na jasho la kidole changu.
Harufu ilikwishapanda, miaka mia ngapi sijui,
ikaenda ilikotumwa,
haikuacha nyuma ila nyayo zake nyeusi.

Maana utomvu hauanzi kuwa ibada.
Unaanza kuwa jeraha.
Msandarusi ukikwaruzwa na tawi, ukitobolewa na dumuzi,
hulia taratibu, chozi zito la rangi ya asali,
chozi likadondoka, likafunikwa na majani, likasahauliwa;
mti ukafa, mche wake ukafa,
mche wa mche wake ukawa kuni,
na chozi bado liko chini, linajifunza kuwa jiwe.
Babu yetu Pazi Kilungu aliyachimba mawe hayo porini, huko Zinga,
akiyapima kwa kiganja, akiyauza kwa pishi,
na ndani ya moja, walisema, alikuwamo mbu
ameinua mguu, kama anayeomba ruhusa ya kupita.

Nani wa kwanza kuliweka chozi la mti juu ya kaa
akaona kwamba linafaa kusemea?
Sitamjua. Pengine mwanamke. Pengine usiku,
mtoto ana homa, ametafuta neno na neno limemkimbia,
akatupa motoni alichokuwa nacho.
Moshi ukanyooka. Akaufuata kwa macho.
Akanyamaza, na kunyamaza kukatosha.
Waliokuja baadaye walileta aya, walileta vitabu,
lakini hakuna aliyethubutu kulizima lile kaa.

Hata shangazi Mwanamvua, mwaka kaka Mwinshehe alipovunjika,
alisali rakaa zake zote, akakunja mswala,
kisha akatoka na fundo la ubani pembeni mwa kanga
hadi penye kaburi lenye nguzo.
Ubani ulikuwa mgumu. Akauponda kwa kufuli.
Nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu kupepea.
Nikakohoa. Akanikazia jicho:
"Usikohoe, unalikatiza."
Sikuuliza nakatiza nini.
Mwinshehe alipona mguu, na kwa mguu huohuo
akaenda Handeni, hakurudi.
Shangazi hakuwahi kusema
kama aliomba mguu, au aliomba mtu.

Majibu ya maabara yalifika baada ya miezi minne,
karatasi moja, mstari mmoja:
utomvu wa mti, jamii ya msandarusi, wa hapahapa.
Bwana Kondo akafurahi, akaninunulia soda.
Nikausoma mstari tena, nikageuza upande wa pili.
Peupe.

Jioni nilikishusha chetezo cha shangazi kutoka juu ya kabati.
Siku hizi tunawekea vifungo vya mashati, senti zisizonunua kitu,
na ufunguo wa kufuli lile.
Nikavimwaga mezani.
Nikapangusa vumbi la nje, mguu, shingo, mdomo.
Mwanangu akaja na kitambaa kibichi, mwepesi wa kusaidia,
amekwishaukunja mkono wa shati, kidole kinaelekea ndani.

Nikamshika kiwiko.