Mwanamke Aliyejua Miguu

Kibanda changu kiko nyuma ya stesheni, Nakuru,
vumbi la Menengai linapoingia bila hodi.
Nta, msumari, uzi wa nailoni,
na kigoda kifupi kilichonifunza, miaka kumi na minne,
kumtambua mtu kwa kisigino.
Huyu hulemea kulia: ana deni.
Yule soli zimelika mbele: huenda kila mahali mbio.
Nyuso sizijui. Uso hudai shingo iliyoinuka.

Darasa la sita, Mwalimu Asiligwa,
chaki mkononi, bila hasira,
kana kwamba ananitajia siku ya juma:
"Rasoa, wewe hesabu hazitakuingia."
Nikayapokea kama jina la ubatizo.
Chama kiliponiomba nishike daftari la fedha
nilikana, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
na jogoo wala hakuwika.
Jerotich tu, akikunja leso yake, kimya.

Kadenyi wa kanisani hutuambia:
Neno usilisome kwa macho tu. Ingia.
Tafuta mahali uketi.
Basi Jumapili usiku, stima imepotea,
nikaingia kwa yule mama aliyepinda miaka kumi na minane.
Malaika sikuwaona.
Niliona nilichozoea: sakafu, na miguu.
Nyufa za wazee. Kidole cha mtoto chenye jeraha.
Nikainama kando yake, bega kwa bega,
wawili tusiojua dari ya nyumba ile ina rangi gani.

Makubadhi mawili yakasimama mbele yetu.
La kushoto ukanda umekatika,
umeungwa kwa kipande cha katani.
Mkono wangu, wenyewe, ukatafuta sindano.
Naye hakuukwepesha mguu.
Akangoja hadi fundo la mwisho, ndipo akauliza:
Umenitia mishono mingapi?
Kumi na saba.
Na uzi uliobaki?
Shubiri mbili kasoro vidole vitatu.
Na nikikulipa hamsini?
Nitakurudishia ishirini, nikasema,
nikaisikia sauti yangu
ikihesabu.

Mama wa kando alikuwa ameshanyooka.
Nilijua kwa visigino vyake:
vilikuwa vimetua chini, vyote viwili, sawasawa.

Jumatatu mteja wa buti za mlinzi akaja.
Nikainua shingo.
Ana kovu kidevuni. Miaka minne namshonea,
sikuwa najua.
"Kuna nini, mama?" akauliza.
Hakuna. Leta hilo la kulia.

Alhamisi nililifungua daftari.
Mistari ya bluu, kijasho kwenye kiganja.
Saba yangu ya kwanza ikafanana na moja.
Jerotich akachungulia begani, akasema,
ipige kistari katikati.

Nikaipiga.