Sinia la Bi Asumini

Matao yetu hapa Mikindani ni manane,
moja limeziba kwa kifusi tangu kifuku kile kirefu.
Chini yake tumekaa sisi wenye vitu vya watu:
Lichumbu na saa zake za ukutani, kila moja na wakati wake
(ukitaka kujua saa ngapi, muulize muuza ming'oko),
Mwanashuru na vitasa visivyo na milango, na shanga,
na mimi, Nampunju, mwenye daftari.

Mvua ndiyo hutuletea mali.
Ghala limebaki na makapi, mikorosho imesimama bure,
vitu vya marehemu hutembea usiku vimefunikwa kanga:
kinu cha mpingo, cherehani ya mkono,
ile hela ya shaba iliyotuachia jina
ikaondoka na thamani.
Mtu huweka kitu mezani, hutazama pembeni.
"Kiweke tu. Si kwamba nauza."
Nami huandika: hauzi. Kisha nalipa.

Msimu ukifunguka, mnada ukishapita,
fedha za korosho zikishashuka,
wenye vitu hurudi mchana kweupe, na sauti nyingine.
Vijana wanatoka jandoni, kila shangazi anataka shanga za zamani,
Mwanashuru hapati hata nafasi ya kumeza mate.

Sinia la Bi Asumini lilikuwa habari nyingine.
La shaba, pana kama gurudumu la mkokoteni,
ukingoni maua yaliyofutwa na mikono.
Alilileta mwaka aliomzika mumewe,
akachukua pesa ya sanda, hakulikomboa.
Ila kila Mfungo Sita, usiku wa Maulidi,
alikuja kuliazima, nami nilimpa bila kuandika.
Lilibeba halua. Lilibeba vikombe vya kahawa.
Na mtoto akiligonga kwa kijiko lilitoa mlio
ulioizunguka baraza mara mbili kabla ya kulala;
wapiga dufu waliuachia njia.

Mwaka jana, siku tisa kabla,
akaja bwana wa Dar, gari lake lina baridi.
Hakuomba apunguziwe. Hilo ndilo lililoniponza:
asiyepatana bei hukunyima muda wa kukumbuka.
Paa langu lilikuwa linavuja.
Hii si sababu, naisema tu.

Bi Asumini akaja, mikono imetangulia, imefunguka
kama ya mtu anayepokea mtoto.
"Nimeuza," nikasema.
Lichumbu akaacha kutia saa ufunguo.
Bibi akatazama rafu, pale palipobaki
duara safi katikati ya vumbi,
akasema, "Haya,"
akavuka barabara hadi duka la plastiki,
akapita mbele yetu na masinia mawili ya mawaridi mekundu,
bei bado imebandikwa.

Nilikwenda Maulidini. Nikakaa nyuma, karibu na viatu.
Halua ilikuwa ile ile, ya kunata menoni.
Watoto hawakuuliza kitu.
Mmoja akagonga sinia kwa kijiko: pwa.
Dufu likaingia upesi, likaifunika sauti ile
kama watu wanavyomfunika mgeni aliyejikwaa.

Asubuhi niliyakuta mlangoni kwangu,
yameoshwa, moja ndani ya jingine,
na mjukuu amesimama kwa mguu mmoja:
"Bibi kasema yakae hapa, kwake hakuna nafasi.
Mwakani atayafuata."

Juzi akapita mama mmoja, kalewa fedha za msimu,
akanunua saa ya Lichumbu inayokwenda kinyume,
akanyoosha kidole kwenye rafu yangu:
yale ya maua, shilingi ngapi?
Nikafungua daftari, nikapekua
nikitafuta ukurasa ambao haupo.
"Hayo," nikamwambia, "ni ya zamani. Hayauzwi."