Kumi na Nane kwa Mia

Huku Most, mji wa makaa ya mawe,
wanauita mkate wa tangawizi.
Kaka yangu Radovan ameula miaka tisa,
kwa pua, halafu kwa mshipa.
Zamu mbili mgodini bila kusinzia,
kisha anapaka rangi ngazi za ghorofa nane
ambazo hakuna aliyemtuma.
Ameketi, na moyo unakimbia.

Leo Bohdana anampaka mafuta baridi kifuani.
Kwenye skrini kitu cha kijivu
kinajaribu kufumba,
ngumi ya mtoto aliyelala.
"Umetanuka," anasema. "Unasukuma kumi na nane kwa mia."
Mama, sikio lake la kushoto zito, anaitikia:
"Tangu mdogo alikuwa na moyo mkubwa."
Hatukumsahihisha.

Ana miaka thelathini na sita.
Viatu havimwingii, miguu imejaa maji.
Hulala ameketi, mito mitatu mgongoni;
akilala chali, anazama.

Zamani yalitakiwa makaa yaliyo chini ya kanisa.
Wakalipakia zima juu ya reli,
wakalisogeza sentimita chache kwa dakika,
wala halikuanguka.

Polepole, Radovan.
Bohdana anasema ukiacha, huenda ukajirudi,
si wote.
Vidonge vinne asubuhi. Chumvi, hapana.
Natia alama kwenye kalenda ya duka la nyama:
siku kumi na moja.
Jana alijifungia bafuni saa nzima, maji yakitiririka.
Kalamu ninayo.
Sijaandika bado.