Akiba ya Asilimia Ishirini

Niko Marmul, visimani, zamu ya usiku,
navuta mafuta kutoka chini ya mchanga,
na mama yangu yuko Ibra, anakula jua.
Ndivyo asemavyo: "Siku hizi nakula jua, mwanangu,
bili imesahau jina langu."

Paneli kumi na nne nilizipanga mwenyewe juu ya paa,
nyuso kusini. Akauliza mbona hazikuelekea kibla.
Nikamwambia jua lina kibla chake.
Inveta nikaitundika kando ya mtungi wa maji,
inanguruma kama paka aliyeshiba.
Betri tatu, nyeupe, ndefu, zimesimama ukumbini
kama wakwe waliokataa kukaa.

Nyumba ina akili sasa. Taa zinamjua.
Pazia linajifunga jua likizidisha utani.
Kiyoyozi kinasikia Kiarabu, kinasikia Kiingereza,
Kiswahili hakijui,
na mama akikasirika hana lugha nyingine.
"We! Punguza baridi, utaniua!"
Kinapuliza tu.
"Umeniletea kiziwi mwenye cheti," huniambia.

Mimi huku namsoma kwa mstari, kwenye kioo cha simu.
Saa tisa na nusu usiku mstari unaruka: birika.
Unatulia: yuko juu ya msala.
Saa tatu asubuhi unapanda mlima: mashine ya kufulia.
Saa saba ni tambarare, amelala,
na jua linamimina betrini mpaka zinafurika.
Siku moja birika lilichelewa nusu saa.
Nilisimamisha kazi, nikapiga.
"Nilikuwa nakata kucha," akasema.

Usiku ule wa Julai, joto halikujua kama jua limezama,
simu ikatetemeka mfukoni:
umeme wa mtaa umekatika, nyumba inakula betri.
Sawa. Ndiyo kazi yake.
Lakini mstari ukapanda, haukushuka.
Kilowati mbili. Tatu. Tatu na ushee.
Viyoyozi vyote, hata kile cha chumba changu
kisichowashwa tangu Idi.
Soketi ya uani. Soketi ya stoo.
Nikadhani waya umeungua.
Nikadhani mengine, sitayaandika.

Nikapiga. Nyuma ya sauti yake
mtoto analia, wanaume wanacheka.
"Mama, kuna hitilafu."
"Hakuna hitilafu. Kuna wageni."

Transfoma ya pembeni mwa wadi imelipuka.
Mzee Hamdun kaleta insulini ndani ya kikapu cha tende.
Shinuna ana mapacha wa siku tisa.
Biju wa cherehani na wenzake wanne,
banda lao la bati, unalijua,
wako uani na feni mbili.
"Na chumbani kwako wamelala mabinti wa Zamzam,
usiniulize habari za shuka."

"Betri iko thelathini na moja. Zima japo ukumbi."
Nilikuwa nimeweka mpaka: ikifika ishirini
inveta inafunga mlango. Akiba haiozi, nilimwambia,
neno lake mwenyewe nikimrudishia.
"Akiba ya nani?" akauliza,
akakata simu, kuna mtu anataka maji.

Ishirini na sita. Ishirini na nne.
Kidole changu juu ya kioo.
Kutoka hapa naweza kuuzima ukumbi, kuuzima ua,
kimoja kimoja, na nyumba itanitii,
mimi naijua lugha yake.
Saa tisa kasorobo. Ishirini na mbili.
Jua la Ibra lina saa mbili na nusu kabla ya kuchungulia.

Nikafungua mipangilio. Nikafuta ishirini.
Nikaandika tano.
Kisha nikakaa juu ya ndoo ya grisi,
pampu ikinywa nyuma yangu,
nikautazama mstari ule wenye watu.

Saa tisa na nusu uliruka,
ukatua, ukaruka tena,
ukatua, ukaruka mara ya tatu:
birika moja halikutosha.